Shingo ya Ami

Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Hawakusema ainame kwa muda gani, wala nani atalipa shingo ikigoma. Mvungu ninaousema mimi ni gego la juu, la nyuma kabisa, ambalo hata mwenye nalo hajawahi kuliona kwa macho yake. Anayelifuata kule ni daktari wa meno. Analifuata na kioo kidogo, na taa, na mashine inayolia kama mbu aliyekasirika, na kichwa chake mwenyewe, ambacho kama cha mtu mzima yeyote kina uzito wa kama kilo 5.

Kilo 5 si kitu ukikaa wima. Mifupa ndiyo inayobeba. Ukiinama, mzigo unahamia kwenye misuli ya nyuma ya shingo. Mwaka 2014 mpasuaji wa uti wa mgongo wa New York, Kenneth Hansraj, alipiga hesabu kwa modeli ya kompyuta: ukiinama digrii 15, shingo inabeba kama kilo 12. Digrii 30, kilo 18. Digrii 60, kilo 27. (Digrii za chuo niliziacha mwaka wa pili, hizi za shingo ndizo ninazozijua vizuri.) Hesabu ile ilisambaa dunia nzima kwa sababu ya simu, na nina hakika kuna mama mmoja Majengo aliyeitumia kumkemea mtoto wake. Ni modeli, si shingo ya mtu, kwa hiyo tusiishike kama aya. Lakini kilo 27 ni pakiti 13 za unga, zile za kilo mbili mbili, na unga bado umebaki wa chapati.

Mwenye simu akichoka anainua kichwa. Daktari wa meno hawezi. Jino limeshafunguliwa, ganzi inahesabu dakika zake, mate yanajaa, na mtu aliyelala pale amemkodolea macho. Anakaa hapo hapo. Misuli inayokaza bila kusogea huchoka vibaya kuliko inayofanya kazi na kupumzika, kwa sababu damu haipiti sawasawa. Muulize yeyote aliyewahi kumshikia fundi tochi.

Wao wenyewe wanalijua hili. Mwaka 2009 Melanie Hayes na wenzake huko Australia walikusanya tafiti zilizokwisha kufanywa nchi mbalimbali juu ya watu wa kazi ya meno, na wakakuta wanaolalamika maumivu ya misuli na mifupa ni kati ya asilimia 64 na 93. Mgongo na shingo ndivyo vinavyoongoza.

Wana hata saa yao ya kukalia. Kichwa cha mgonjwa ni uso wa saa, utosi wake ni saa kumi na mbili ya kizungu, na daktari anayetumia mkono wa kulia huzunguka kati ya saa tisa na saa kumi na mbili. Ami yangu aliponieleza mara ya kwanza alicheka: kwa saa ya Kiswahili hiyo ni saa tatu mpaka saa sita. "Kazi yote ya meno ni ya asubuhi," akasema. "Alasiri ni ya maumivu."

Ami ana kliniki ghorofa ya kwanza, upande wa Makadara, kwenye jumba la zamani ambalo ngazi zake peke yake ni kipimo cha magoti. Ametibu meno ya mji huu miaka 31. Kwenye benchi lake la kungojea utakuta mzee wa Kibokoni, kijana wa bodaboda kutoka Bondeni aliyevimba shavu, mama na watoto watatu ambao mmoja tu ndiye anayeumwa lakini wote wanalia. Hapeleki mtu nyumbani kwa sababu ya saa. Na ni mtu wa kujistahi, wa zile shati zilizopigwa pasi hadi ukosi. Ukimwuliza habari ya shingo atakuuliza habari ya kazi yako, na mazungumzo yataishia hapo.

Dalili zilikuwa nje kwa mwenye macho. Ukimwita kwa nyuma hageuzi shingo, anageuka mwili mzima kama jahazi. Digo Road anavuka akiwa nyuma ya mtu mwingine. Gari aliliuza, akasema Mji wa Kale hauna pa kuegesha, jambo ambalo ni kweli tupu, ila pia alikuwa hawezi tena kurudi kinyumenyume bila kijana wa kumpigia "rudi, rudi, rudi".

Swala ndiyo iliyomfichua. Tulikuwa Msikiti wa Mandhry, magharibi, nami nimesimama kushotoni kwake. Mwisho wa swala unatoa salamu kulia kwanza, kisha kushoto, kwa hiyo ile ya kulia ikaniletea yeye mbele ya macho. Shingo haikwenda. Kilichozunguka ni bega, na kichwa kikafuata juu yake kama abiria. Ukifikiri sana, msikiti ule unaosemekana ni wa mwaka 1570 hivi umekuwa ukipima shingo za watu wa Mombasa mara tano kwa siku kwa karne nne na zaidi. Hakuna aliyekuwa akiandika majibu, basi.

Alishawahi kwenda kwa daktari, mwenzake wa zamani. Akaambiwa geuza kulia, akageuza. Geuza kushoto, akageuza. Eksirei ikaonyesha kulika kidogo kwa mifupa, "mambo ya umri", akapewa vidonge na kuambiwa apunguze kazi, ushauri ambao ni wa bure kwa anayeutoa. Kuna tabibu wa Italia, Bernardino Ramazzini, aliyeandika kitabu kizima juu ya magonjwa ya mafundi na wafanyakazi mwaka 1700, na akawataka madaktari wenzake waongeze swali moja kwa kila mgonjwa: kazi yako ni gani? Ami hakuulizwa hilo kwa sababu lilikuwa linajulikana. Mambo yanayojulikana ndiyo yasiyoulizwa.

Shida ya kipimo cha "geuza shingo" ni kwamba mtu anageuza shingo. Anajua anatazamwa. Anajikusanya, anakaza meno, anafika. Mwenye miaka 31 ya kuficha ataficha na hapo, na wa kwanza kufichwa ni yeye mwenyewe.

Hapa ndipo anapoingia dada yangu. Ni mtoto wa ami, mimi namwita dada ingawa nimemzidi miezi minne. Anaandika programu za kompyuta, na mwaka jana alinunua miwani ya uhalisia pepe ya mtumba, Quest 2, ile unayovaa usoni ukajikuta kwingine. Ndani yake kuna vihisio vinavyojua kichwa kimeelekea wapi, mara nyingi kwa kila sekunde, maana bila hivyo picha isingegeuka nawe. Yaani kabla haijawa mchezo wa vijana, ile miwani ni kipima shingo. Dada aliliona hilo siku ya kwanza. Mimi nililiona aliponionyesha.

Na wala hatukuwa wa kwanza. Hilla Sarig Bahat, mtaalamu wa tiba ya viungo wa Chuo Kikuu cha Haifa, pamoja na wenzake walikuwa wameshalifanyia kazi jambo hili wakati miwani hizi bado ni vitu vya maabara. Tafiti zao zilianza kutoka mwaka 2009. Walimvisha mtu miwani, wakamletea inzi. Inzi anatokea kulia, anatokea kushoto, juu, chini, na mvaaji anampulizia dawa kwa kumwelekezea kichwa tu. Hakuna anayekwambia geuza shingo. Unamtaka inzi. Shingo inakwenda yenyewe, kama inavyokwenda ukisikia sahani imevunjika jikoni.

Walichokiona mwaka 2010 ndicho kilichonifanya niache makala niliyokuwa nikiandika. Wenye maumivu ya shingo walikuwa na mzunguko mfupi zaidi, sawa, hilo ungelitegemea. Lakini pia walikuwa wa polepole, na mwendo wao ulikatika-katika badala ya kuteleza. Shingo inaweza kufika inakotakiwa na bado ikawa mgonjwa. Ufiche mwisho wa safari, mwendo utakusema. Macho ya daktari hayawezi kupima hilo vizuri. Miwani inaweza. Baadaye, katika kazi alizofanya pamoja na Julia Treleaven wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, inzi akapisha ndege inayoendeshwa kwa kichwa, na kifaa kikawa cha kupima na cha mazoezi pia.

Dada akaketi wiki tatu akatengeneza cha kwetu. Si kifaa cha hospitali, na alilisema hilo kila mara mpaka likachosha. Alitengeneza vitu viwili: inzi, na mdomo.

Kumpata ami ilikuwa kazi nyingine. Dada alijaribu kwa huruma, akashindwa. Mimi nikajaribu kwa njia ya Mombasa: nikamwambia mbele ya watu kwamba nimepata alama 40 na sidhani mtu wa umri wake atafika 20. Ijumaa baada ya isha akatufungulia kliniki mwenyewe.

Ilikuwa sura ya kukumbuka. Mzee wa watu na kanzu yake, kofia ya vito kaiweka kwenye meza ya vifaa, dude jeusi limemfunika uso, anawinda nzi wasiokuwepo katikati ya kliniki. "Huyu! Huyu! Ah, kanikimbia mwanaharamu." Msaidizi wake, aliyekuwa anafunga hesabu, akalazimika kutoka nje akacheke. Dakika nne tu. Miwani ile ina gramu 503, na uzito wote uko mbele, kwa hiyo nayo ni mzigo kwa shingo inayopimwa. Dada hakutaka tupime maumivu tuliyoyaleta sisi wenyewe.

Majibu yakatokea kwenye laptopu. Kushoto digrii 63, kulia 58. Ami akanyoosha kidole: "Si unaona? Sawa sawa." Dada akamwonyesha mstari wa pili, ule wa kasi. Kumlinganisha na mimi kusingekuwa haki, kasi ya shingo hupungua na umri, kwa hiyo alimlinganisha na yeye mwenyewe. Kulia alikwenda kwa chini kidogo ya nusu ya kasi ya kushoto. Na mstari wa kulia haukuwa mstari, ulikuwa meno ya msumeno. Alikuwa anafika, ila kwa miguu.

Ami alikaa kimya. Kisha akasema, "Nzi wa kulia walikuwa wakali zaidi." Hakuna aliyemjibu.

Mdomo ndio uliokuwa kipimo chenyewe. Kwenye miwani alimwona mgonjwa amelala juu ya kiti chake kile kile, na ndani ya mdomo, nyuma ya gego la juu la kulia, kuna tarakimu inayobadilika. Kazi yake ni kuisoma kwa sauti kila inapobadilika, akiwa amekaa kwenye stuli yake kama kawaida. Dada alimpa raundi mbili. Ya kwanza, mgonjwa kalala chali kabisa. Ya pili, kiti kimeinuliwa nusu, mgonjwa kakaa kama anayetazama televisheni.

Kuna kiwango cha kimataifa, ISO 11226 cha mwaka 2000, kinachohusu mikao ya kazi. Kwa kichwa kilichotulia, kuinama mpaka digrii 25 kinakubali. Ukizidi hapo kinaanza kukuhesabia muda. Raundi ya kwanza ami alikaa kwenye digrii 22, wastani. Fundi mzuri. Raundi ya pili, 46, na kichwa kimelala kulia juu ya bega kama mtu anayebana simu.

Dada akauliza, "Baba, kwa siku ngapi zimo hizi za pili?"

Ami akavua miwani, akatafuta kofia yake. Akasema nyingi. Halafu akasema, kwa sauti ya mtu anayehesabu kitu kichwani, karibu zote.

Kiti chake kinalala chali. Viti vya kulala kabisa vilianza kuuzwa Marekani mwaka 1958, si teknolojia mpya, na cha ami kina kitufe chake na kinafanya kazi. Hakitumiki, kwa sababu ya bibi zake. Nusu ya wagonjwa wake ni akina mama wa makamo na vikongwe wa Mji wa Kale, wanaokuja na buibui zao kwa sababu wanamjua, na mamake walimjua. Akishusha kiti wanashika mikono ya kiti. "Mwanangu, n'nyanyue, mimi si maiti." Wengine wana kizunguzungu cha presha. Wengi ni haya tu: kulazwa chali mbele ya mwanamume, miguu juu, buibui haijulikani imekaaje. Kwa hiyo miaka 31 amekuwa akiwaachia wakae wanavyotaka, akawafuata yeye. Jino hadi jino, kwa digrii 46.

Sikutarajia hilo. Nilikuwa nimeshaiandika makala kichwani: teknolojia kutoka mbali inagundua ugonjwa wa fundi wa hapa. Ilichogundua ile miwani ni adabu. Hakuna mtafiti wa Haifa wala Queensland ambaye angeiweka "haya ya bibi wa Kuze" kwenye orodha ya visababishi vya maumivu ya shingo, na sioni kwa nini wangeiweka. Lakini bila raundi mbili zile, na tofauti ile ya digrii 24, ami angeendelea kuamini ni umri, nasi tungeendelea kuamini ni ukaidi.

Msaidizi wake alikuwa amerudi ndani. Akasema, "Na mimi je?" Hakuna aliyekuwa amefikiria. Yeye ndiye anayeshika bomba la kunyonya mate, amesimama, saa sita au saba kwa siku, shingo imepindwa kushoto kumpisha daktari taa. Ana miaka 29. Dada akamvisha. Inzi wake wa kushoto, ile kasi, ilikuwa mbaya karibu kama ya ami ya kulia.

Hapo kicheko kikaisha. Shingo ya ami ni ya ami. Hana mwajiri, na Sheria ya Fidia za Majeraha Kazini ya mwaka 2007 inamhusu mfanyakazi, si bwana aliyejiajiri mwenyewe. Akiumia amejiumiza. Lakini msaidizi ni mfanyakazi wake, na sheria ndugu ya mwaka ule ule, ya Usalama na Afya Kazini, inamtaka mwajiri ahakikishe mahali pa kazi na vifaa vinamfaa mfanyakazi, si mfanyakazi ajikunje avifae. Mimi ndiye niliyeitafuta kwenye simu na kuisoma kwa sauti, kwa kizungu chake kizito. Ami alisikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo mimi ndiye mshitakiwa," akasema, na safari hii hakubadilisha mazungumzo.

Jumatatu stuli ya pili ikapandishwa ngazi. Ya msaidizi. Fundi wa Mwembe Tayari alipunguza miguu yake mara mbili mpaka ikalingana. Miwani ya kukuzia, ile ambayo madaktari wa meno huvaa ili waone wakiwa wima, ami ameagizia na bado anaisubiri. Bei yake alimtajia dada, mimi akanificha. Ameanza pia kwenda kwa mtaalamu wa tiba ya viungo, jioni mbili kwa wiki, na huko anasema anakwenda kumsindikiza rafiki.

Yaliyobaki ni bibi zake. Alijaribu kuwaeleza digrii, akajibiwa kwa dua. Alijaribu kumwambia mgonjwa ageuze kichwa upande wake, jambo dogo linalookoa shingo ya daktari pakubwa, na wanageuka, kisha wanarudi taratibu kama mlango usio na kitasa. Aliyepata ufunguo ni msaidizi. Alileta leso mbili kutoka kwao, zilizofuliwa zikanukia udi. Mgonjwa akikaa tu, kabla ya neno lolote, anamfunika moja kutoka kiunoni hadi vidoleni, anaikunja chini ya visigino ili isipeperuke, na ya pili anaikunja mto chini ya kisogo. Kisha anamwambia ami atoke nje kidogo. Kiti kinashushwa na mwanamke, mbele ya mwanamke. Daktari anapoitwa, bibi ameshalala na ameshazoea.

Wiki iliyopita nilikuwa kwenye benchi, nimeenda kutumia intaneti yao, mlango uko wazi nusu. Bibi mmoja wa Kibokoni alikuwa ndani, nasikia kiti kinashuka. Kikasimama.

"Hapa yatosha," bibi akasema.

"Kidogo tu, mamangu."

"Kidogo gani? N'shaiona dari yote."

"Bado digrii kumi," akasema msaidizi.

"Digrii ndiyo nini?"

Ami alikuwa amesimama kando yangu, nje ya mlango wa kliniki yake mwenyewe, glavu mkononi, anangoja aitwe. Akanigeukia kunitazama, kulia kwake. Bega lilikuja pia, lakini kichwa kilitangulia.